Kabla hujachagua rangi ya kochi, tafuta kaskazini

Siku hizi kila kijana Kisumu ana mjengo kwenye simu. Kaa na wasee Kondele au Mamboleo dakika kumi tu, mmoja atakuonyesha picha: paa lililofichwa, vioo kutoka sakafuni hadi darini, kochi jeupe, na taa za kuvutia kila kona. Ploti bado haijanunuliwa, lakini nyumba iko tayari.

Sioni ubaya wowote hapo. Kuota ni bure, na programu nyingi za kuchora nyumba pia unaweza kuzipata bure. Ninacholalamikia ni kwamba tunazitumia kama kamera ya kupata picha za kuposti, ilhali kazi yake kubwa ni nyingine kabisa: kukuonyesha makosa ya nyumba mapema, wakati kuyafuta hakukugharimu hata bob. Ukuta uliokosewa kwenye skrini unaufuta kwa kidole. Uliokosewa kwa mawe na saruji unaubomoa kwa pesa, tena pesa ya mkopo wa chama.

Kwa anayeanza, nashauri Sweet Home 3D. Imekuwapo tangu 2006, ni ya bure, na ukishaipakua kwenye laptopu inafanya kazi bila intaneti. SketchUp nayo ina toleo la bure, lakini hilo hufunguliwa kwenye kivinjari, kwa hivyo bando lako lazima liwe sawa. Yoyote utakayochagua, jambo la muhimu ni hatua utakazofuata.

Kwanza, chora ploti kabla ya nyumba. Wengi huanza na sebule, kisha wanagundua baadaye kwamba nyumba haiingii. Ploti yetu ya kawaida ya futi 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48. Fundi anaongea futi, programu nyingi zinaanza na mita au sentimita. Badilisha vipimo kwenye mipangilio ili nyote muongee lugha moja. Weka mpaka, lango, mahali pa tangi la maji, shimo la maji taka, na kamba ya kuanika nguo. Ndiyo, kamba ya nguo. Nafasi inayobaki ndiyo ya nyumba.

Pili, tafuta kaskazini. Sweet Home 3D ina dira ndogo ambayo wengi huipuuza wakidhani ni pambo. Hiyo dira ni dhahabu. Izungushe ilingane na ploti yako, weka mahali pawe Kisumu, kisha omba picha ya saa kumi jioni. Utaona jua linaingilia dirisha gani.

Hapa kwetu hilo si jambo dogo. Tuko karibu kabisa na ikweta. Ukipanda matatu ya kwenda Busia unaivuka pale Maseno. Saa sita mchana jua liko juu ya paa mwaka mzima, likisogea kaskazini kidogo mwezi Juni na kusini kidogo Desemba. Kuta zinazopigwa sana ni za mashariki asubuhi na za magharibi jioni. Kwa hivyo nyumba ndefu inayolala mashariki-magharibi, yenye madirisha mengi upande wa kaskazini na kusini, hupoa kuliko ile iliyogeuzwa.

Ugumu unakuja hapa: ziwa liko magharibi mwa mji. Kila mtu anataka kuliona, na upepo wa mchana hutoka huko huko kuja nchi kavu. Ukiziba upande huo unakosa hewa, ukiweka kioo kizima unalala ndani ya jiko. Jibu ni la zamani: baraza pana lenye kivuli, dirisha la kufunguka lenye wavu wa mbu, na dirisha jingine upande wa pili ili upepo upite. Jaribu kwenye skrini. Ongeza baraza ya futi sita, omba picha tena saa kumi jioni, ulinganishe.

Tatu, usiamini fanicha za programu. Kitanda kilichomo humo hakifanani na cha futi 5 kwa 6 ulichonacho, wala kochi halijui lile uliloagiza kwa fundi Kibuye. Chukua tepu, pima vitu vyako, badilisha vipimo. Chumba cha kumi kwa kumi kina futi 100 za mraba. Kitanda hicho peke yake kinakula 30, na bado hujaweka mlango unaofunguka kwa ndani, meko, na ndoo za maji. Hata kama umepanga bedsita tu, zoezi hili litakuokoa siku ya kuhama.

Fanya hivyo hivyo na kuta. Programu nyingi huanza na kuta nyembamba. Ukuta wa tofali la inchi sita, pamoja na plasta pande zote mbili, unakaribia sentimita 18. Ukikosa sentimita 10 kwa kila ukuta, na nyumba ina kuta nne kutoka upande mmoja hadi mwingine, umepoteza sentimita 40, yaani zaidi ya futi moja. Hiyo ndiyo korido inayogeuka kuwa ya kupita kwa ubavu.

Nne, hesabu pembe. Picha za mitandaoni zinapenda nyumba ya kona nyingi. Kila kona inaongeza msingi, kuta na maungio ya paa, na maungio ndipo maji hupenya. Paa la kufichwa nyuma ya ukuta mfupi linapendeza, lakini mvua za alasiri za hapa si mchezo. Mfereji wa ndani ukiziba majani, maji yanarudi chumbani. Paa la kawaida lenye mteremko na mifereji ya nje hukupa pia maji. Milimita moja ya mvua kwenye paa la mita 100 za mraba ni lita 100. Mvua ya milimita 20 ni karibu lita 2,000, ukitoa kidogo kinachomwagika. Tangi ulilochora mwanzo sasa lina kazi.

Kuna mambo ambayo hakuna programu inayoyajua, na hapa vijana ndipo tunapoumia. Skrini ni tambarare na nyeupe. Haijui udongo mweusi wa Kano unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Haijui kwamba mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi likaingia nyumba za watu Dunga na ufuo wote huu. Waulize majirani maji yalifika wapi mwaka huo, kisha uchore.

Na kama unajenga ushago, programu haijui mila ya dala. Haitakuambia simba ya mtoto wa pili isimame wapi kutoka langoni, wala kwamba huwezi kumruka kaka yako mkubwa. Kaa na wazee kwanza. Ni rahisi kusogeza nyumba kwenye laptopu kuliko kuisogeza baada ya baba mkubwa kuja kuiona.

Wengine watasema babu zetu walijenga bila kompyuta na nyumba zikasimama. Kweli. Lakini babu alijua upepo na jua la boma lake kwa miaka mingi kabla ya kusimamisha nguzo. Sisi tunanunua ploti Jumamosi, Jumatatu tunataka kuchimba msingi. Programu inatupa nafasi ya kuikaa ile nyumba kidogo kabla haijajengwa.

Ila tusijidanganye: mchoro wako si ramani ya kuidhinishwa. Kaunti inahitaji ramani za msanifu majengo aliyesajiliwa na mhandisi wa kuhakikisha nyumba haitawaangukia watu. Mchoro wako ni wa kukuwezesha kuingia ofisini kwao ukijua unachotaka, na kutoka bila kuuziwa nyumba ya mtu mwingine.

Wikendi hii, kabla ya kufikiria ghorofa, pima chumba unacholala na ukichore. Weka kaskazini. Kama hata hicho hukijui vizuri, mjengo wa milioni unaweza kusubiri kidogo.