Kuta za Kibera Zina Wenyewe

Katika mazungumzo yetu ya kila siku tunatofautisha kuchora na kupaka rangi. Anayechora twamwita msanii, naye hualikwa katika maonyesho. Anayepaka rangi ni fundi, hulipwa kwa kutwa na jina lake halitajwi. Msomaji aweza kudhani kwamba hii ni hoja ya wanaisimu tu, lakini na azuru Kibera na Kawangware aone jinsi maneno hayo mawili yanavyoamua nani apewe heshima na nani apuuzwe.

Kensuke Miyazaki ni mchoraji Mjapani aliyezaliwa mwaka wa 1978 katika mkoa wa Saga. Baada ya kusoma katika Chuo Kikuu cha Tsukuba na kuishi London kwa muda, alifika Kibera, akachora katika kuta za Shule ya Magoso akishirikiana na wanafunzi. Kazi yake ya kuchora kuta pamoja na wenyeji imempeleka kwingi. Mwaka wa 2017 alikuwa Mariupol, Ukraine, mji ambao vita viliubomoa mwaka wa 2022. Ninachokisifu kwake ni kwamba watoto hawaachwi kando wakimtazama mgeni akifanya kazi. Nao hushika brashi.

Hakuwa mgeni pekee. Mnamo 2009 Mfaransa ajulikanaye kama JR alifunika mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake, zikaenea kiasi cha meta mraba 2,000. Picha hizo zilichapishwa juu ya plastiki isiyopenyeza maji, hivyo mwenye nyumba alipata picha na kinga ya mvua kwa pamoja. Ni michoro michache katika majumba ya makumbusho iwezayo kujivunia manufaa kama hayo.

Hata hivyo, nachelea kwamba tumezoea kuona sanaa ya Kibera kana kwamba ni kitu kiletwacho kwa ndege. Mwaka wa 2001 waandishi wawili wa mabango, Otieno Gomba na Otieno Kota, walianzisha kundi la Maasai Mbili papo hapo Kibera. Walikuwa wakizunguka kutafuta kazi wakiwa wamevaa Kimaasai, na watu wakawabandika jina hilo. Sarufi sanifu ingedai Wamaasai Wawili, na katika mtihani ningelipigia mstari mwekundu. Lakini ndicho Kiswahili cha Nairobi, na jina limedumu.

Mwenzao katika kundi hilo, Solomon Muyundo aitwaye Solo7, alizunguka mtaani wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 akiandika ujumbe wa amani katika kuta, milango na vibanda. Aliyageuza maneno ya matangazo ya kumsaka mhalifu, akasema kwamba amani inasakwa, tena ikiwa hai. Aliyaandika kwa Kiingereza, jambo linalonishughulisha kitaaluma, kwa maana waliokuwa wakichomeana nyumba walitukanana kwa lugha nyingine kabisa. Huenda Kiingereza kilifaa kwa kuwa hakikuwa cha upande wowote. Hakuhitaji kuandikiwa mradi wala kupewa tiketi ya ndege.

Kawangware nako, ukuta ni kurasa za kusomwa: kinyozi, bucha, kijani cha M-Pesa, aya za Biblia. Fundi aliyeandika hayo anajua kupima nafasi, kulinganisha herufi na kuchanganya rangi. Mtoto apitaye hapo akienda shule humwona kila asubuhi, lakini darasani hakuna anayemwambia kwamba ule ni ujuzi.

Na hapa ndipo penye kosa letu sisi waelimishaji. Chini ya mfumo wa 8-4-4 sanaa ilikuwa ikitahiniwa katika shule ya msingi, hadi masomo ya mtihani yalipopunguzwa kuwa matano mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tangu hapo kipindi cha sanaa kikawa cha kumalizia hesabu. Matokeo yake ni kwamba wengi wa wanaofundisha leo walisoma bila kufundishwa kuchora. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na mmojawapo wa mikondo mitatu ni ule wa sanaa na michezo, ingawa si kila shule inayoutoa. Je, atakayeufundisha ni nani?

Walimu wakuu wamkaribishe Mjapani, wamkaribishe na Mfaransa. Lakini mgeni hukaa majuma machache. Ningependa kila shule inayompa mgeni ukuta imwite pia mwandishi mmoja wa mabango wa mtaa huo, afanye kazi bega kwa bega naye, alipwe, na jina lake liandikwe chini ya mchoro. Mgeni akishaondoka, fundi huyo aalikwe darasani mara moja kwa juma, mwalimu wa zamu akiwepo, afundishe herufi na rangi. Ujira wake ni suala la halmashauri ya shule kujadili katika mkutano ujao wa wazazi, kabla ya rangi ya mgeni kuanza kubanduka.