Ndege Mtoro na Daftari

Wako watazamaji wa ndege ambao, wakimwona kasuku wa kijani juu ya mti wa nchi isiyo yake, humtazama kitambo, hutabasamu, kisha hufunga daftari bila ya kuandika neno. Wakiulizwa sababu, hujibu kwa maneno matatu: "Huyo ni mtoro." Kwao, ndege aliyeponyoka tunduni si ndege wa kweli. Hakuletwa na upepo wala msimu, kwa hiyo hastahili kuhesabiwa pamoja na viumbe huru. Dharau hii hupewa jina la uangalifu wa kitaalamu. Jina hilo si lake. Ni uvivu uliovikwa joho la elimu, na gharama yake hulipwa na watu na viumbe ambao hawakuwapo siku daftari lilipofungwa.

Ushahidi uko London. Kasuku mwenye utepe wa waridi shingoni, ambaye asili yake ni Bara Hindi na nchi za Afrika zilizo chini ya jangwa la Sahara, alipelekwa Ulaya awe pambo la nyumba. Wengine waliponyoka, wengine walifunguliwa na wenyewe waliochoshwa na makelele. Tangu mwaka 1969 ilijulikana kuwa wanazaa mwituni kusini-mashariki mwa Uingereza. Hata hivyo, jina lao halikuingia katika orodha rasmi ya ndege wa nchi ile mpaka mwaka 1983. Miaka 14 ilipita ndege akijenga ukoo, na wasomi wakijadili kama yupo. Leo jozi zake huhesabiwa kwa maelfu, wala hapana tena mtu anayetumaini kumwondoa.

Pasipo hati, hekaya hutawala. Watu wa London husimulia kuwa kasuku hao walifunguliwa na mpiga gitaa Jimi Hendrix, au kwamba walitoroka mwaka 1951, wakati wa kupigwa picha ya sinema ya The African Queen. Mwaka 2019 wataalamu walichunguza mahali ndege hao walipoonekana zamani, wasiweze kupata dalili yoyote ya kuthibitisha hadithi hizo. Walionekana mara nyingi, mahali pengi, kwa miaka mingi, kwa sababu walikuwa wakitoroka mara nyingi, mahali pengi, kwa miaka mingi. Lakini hekaya ya mtu mmoja mashuhuri ni tamu kuliko habari ya maelfu ya matundu yasiyofungwa vema. Humpunguzia kila mwenye tundu sehemu yake ya lawama.

Sasa na atazamwe ndugu yake, kasuku wa Amerika ya Kusini, ajengaye kiota kikubwa cha vijiti, mara nyingine juu ya nguzo za umeme. Yeye naye alitoroka na kuzaa London. Ila safari hii alihesabiwa mapema. Mwaka 2011, walipokuwa bado yapata 100 tu, serikali iliamua waondolewe, na idadi yao ikapungua. Wapo waliouona uamuzi ule kuwa mkali, na wana haki ya kusema hivyo. Jambo la kushika ni kwamba palikuwa na uamuzi wa kubishania. Kwa yule wa kwanza, wapole na wakali wote wamenyang'anywa hiari, na aliyewanyang'anya ni daftari tupu.

Watetezi wa dharau wana hoja moja yenye uzito. Husema kwamba ndege mmoja aliyetoroka jana hawezi kuonyesha mahali kabila lake linapoishi, na akiandikwa ovyo atapotosha elimu. Ni kweli. Lakini dawa ya kuandika ovyo ni kuandika vema. Ukurasa una nafasi ya safu mbili: moja ya wenyeji na wahamiaji, na nyingine ya watoro. Kukataa safu ya pili si kulinda ukweli. Ni kuukata nusu.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki asidhani kuwa haya ni mambo ya Ulaya tu. Kando ya ziwa Naivasha wanaishi kasuku wadogo wa namna mbili ambao kwao ni Tanzania: mmoja mwenye uso wa rangi ya chungwa, wa nchi za kusini mwa Ziwa Nyanza; na mwingine mwenye kichwa cheusi na ukosi wa manjano, wa nyanda za kati. Huko ugenini wamechanganya damu, wakazaa machotara. Na yule mwenye uso wa chungwa, mnamo mwaka 1987, ndiye aliyeongoza kwa idadi miongoni mwa kasuku wa mwituni walioingizwa katika nchi za Jumuiya ya Ulaya. Wingi huo ulitokana na nyavu zilizotegwa kwao, na leo anahesabiwa miongoni mwa ndege wanaokaribia kuwa hatarini. Apungukaye nyumbani anastawi ugenini. Basi mtoro si uchafu wa kufutwa katika hesabu. Ni shahidi wa biashara nzima, na anayekataa kumwandika humsaidia mfanyabiashara kufuta nyayo zake.

Pwani inajua bei ya kuchelewa. Kunguru wa Bara Hindi hakutoroka. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka. Alikula taka, kisha akala mayai na makinda ya ndege wenyeji, akaenea mwambao mzima. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza azma ya kuua kunguru milioni moja. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu unajengwa kwa sumu.

Mwanafunzi anayekwenda mwituni na asiuone wino kuwa ghali. Na aandike jina la mtoro, mahali, tarehe, idadi, na kama ana kiota. Kama ndege huyo ni wa kuhurumiwa au wa kuondolewa, hilo litaamuliwa na wengi, baada ya mabishano. Lakini hawataweza kubishana juu ya kile ambacho mtazamaji alikiona akakinyamazia.