Msinunue mashine ya kukata vitambaa ambayo ufunguo wake uko Marekani

Leo naacha kidogo mambo ya kuandika programu, ingawa mtaona tutarudi huko huko.

Shangazi yangu alinipigia simu asubuhi na mapema. "Mwanangu, si wewe ndiye wa kompyuta? Tumepata mashine ya kukata vitambaa, tunataka kulipa Ijumaa. Njoo uiangalie kwanza."

Yeye na wenzake wana chama cha akina mama kumi na wawili. Wanashona mablanketi ya viraka, yale ambayo wazungu huyaita kwilti, kwa vitenge na leso. Wameweka akiba miaka miwili. Sasa muuzaji mmoja jijini (simtaji) aliwaonyesha kwenye simu yake video ya kimashine kinachokata ua la kitambaa, petali kwa petali, bila mkono wa mtu. Wakapendezwa wote. Mashine pamoja na visu na mikeka yake ingemaliza akiba yote.

Nilikwenda dukani. Nilimwuliza muuzaji: inakata vitambaa vingapi vikipangwa juu ya vingine? Mtandao usipokuwepo inafanya kazi? Kampuni ikiamua kufunga programu yake, mashine hii itabaki nini? Alinijibu kwamba zipo pia za rangi ya waridi.

Haya basi, tuanze na hesabu, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanapoliwa pesa zao.

Blanketi la kitanda kimoja, inchi 60 kwa 80, lenye viraka vya inchi 4, linahitaji viraka 300. Kila kiraka hukatwa inchi 4 na nusu ili robo inchi kila upande iingie kwenye mshono. Mashine hizi za kompyuta hukata kitambaa kilichobandikwa juu ya mkeka wa gundi, na mkeka wa kawaida ni inchi 12 kwa 12. Ingiza viraka vya inchi 4 na nusu: viwili huku, viwili kule. Vinne tu! Maana yake ni kubandika, kuingiza, kutoa na kubandua mara 75 kwa blanketi moja. Ukinunua mkeka mrefu wa inchi 12 kwa 24 unapata viraka kumi, basi ni mara 30. Na kitambaa kinakatwa safu moja tu kwa wakati. Mkeka nao unashika nyuzi na vumbi, gundi inachoka, unanunua mwingine.

Sasa chukua kisu cha gurudumu, kile kinachofanana na kile cha kukatia piza. Kampuni ya Olfa ya Japani ilikitoa mwaka 1979, na kushona viraka hakukuwa kama zamani tena. Tandika kitenge chenye upana wa inchi 44, kata utepe wa inchi 4 na nusu, unapata viraka tisa. Nyuzi za kitambaa zikinyooka, panga tepe nne moja juu ya nyingine, weka rula nzito ya plastiki, kata. Viraka 36 kwa mikato michache! Viraka 300 ni tepe 34 tu. Hakuna umeme, hakuna akaunti, hakuna neno la siri. (Tahadhari: kisu hiki hakina huruma na vidole. Kifunge kila unapokiweka chini, hata kama ni kwa dakika moja.)

Kwa hiyo mtu anayekuuzia mashine ya kompyuta ili ukate miraba, anakuuzia lori la kubebea kiberiti.

Kama miraba na pembetatu ni nyingi sana na mikono imechoka, kuna mashine za aina nyingine kabisa. AccuQuilt, kampuni ya Omaha huko Nebraska, ina mashine iitwayo GO! ambayo unaizungusha kwa mkono. Unaweka ubao wenye wembe wa chuma uliopindwa umbo fulani na kuzungukwa na sponji, unaweka kitambaa, unaweka plastiki juu, unapitisha kati ya roli mbili. Pamba safu sita zinakatika kwa mpigo mmoja kwenye bao nyingi. Ni wazo lile lile la viwanda vya viatu. Ubaya wake ni kwamba umbo moja ni ubao mmoja, na bao si za bei rahisi. Lakini ukishanunua ubao ni wako, na wajukuu zako wataukuta unakata mraba ule ule. Umeme ukipotea siku nzima, akina mama hawana habari.

Mashine ya kompyuta ina mahali pake, sikatai. Mahali pake ni maua, majani, herufi, ndege, yale mapambo ya kushonea juu ya kitambaa kingine. Hapo makasi yanatesa, na mashine inakata mkato ule ule mara mia bila kuchoka. Kama kazi yako ni hiyo, nunua. Ila sasa swali linakuwa la watu wa programu: kisu kinamtii nani?

Ngoja niwaonyeshe kitu. Hewlett-Packard waliunda lugha ya mashine za kuchora, HPGL, miaka ya 1970. Mpaka leo mashine nyingi za kukata stika zinaielewa. Amri zake ni herufi mbili mbili: PU inua kalamu, PD ishushe. Vipimo vyake ni 40 kwa kila milimita. Kiraka cha shangazi, inchi 4 na nusu, kinaandikwa hivi:

PU0,0;PD4572,0,4572,4572,0,4572,0,0;PU;

Basi! Hicho ndicho kiraka kizima. Mkato halisi unahitaji marekebisho kidogo kwenye kona kwa sababu ncha ya kisu haikai katikati kabisa, lakini kiini ni huo mstari mmoja. Unaweza kuutuma kwa SMS na salio likabaki. Mtu aniambie, kwa nini mstari kama huu uhitaji kuingia kwa akaunti kwenye kompyuta ya kampuni iliyoko Utah?

Msiseme naonea Cricut wivu. Historia iko wazi. Mashine zao za mwanzo zilitumia katriji za maumbo ya kununua. Wengine wakaandika programu, Make The Cut na Sure Cuts A Lot, ili mtu akate mchoro wake mwenyewe kwa mashine aliyoilipia. Kampuni, wakati huo ikiitwa Provo Craft, iliwapeleka mahakamani, na kufikia mwaka 2011 programu zote mbili zilikuwa zimeacha kuzungumza na Cricut. Julai 2018 wakafunga Craft Room, programu iliyounganisha mashine zao za zamani na kompyuta. Waliokuwa nazo wakabaki na katriji zao tu. Machi 2021 wakatangaza kwamba asiyelipa ada ya kila mwezi, karibu dola 10, hataruhusiwa kupandisha michoro yake zaidi ya 20 kwa mwezi. Michoro YAKE, kwenye mashine YAKE! Watu waliwaka moto, na ndani ya siku chache kampuni ikarudi nyuma. Vizuri. Lakini waliorudi nyuma ni wao, kwa hiari yao. Kitasa bado wamekishika.

Najua mtaniambia Cricut Maker ina kisu kidogo cha gurudumu kinachokata pamba vizuri bila kubandika kitu nyuma. Ni kweli, tangu 2017, na ni kisu kizuri. Mtaniambia pia siku hizi unaweza kukata bila mtandao miradi uliyokwisha kuihifadhi. Sawa. Bado unahitaji programu yao na akaunti yao ili uianze.

Silhouette Cameo nayo ina kisu cha gurudumu tangu Cameo 4, na programu yake inakaa kwenye kompyuta yako na kufanya kazi bila mtandao. Toleo la bure halifungui faili za SVG, wanataka ulipie toleo la juu (ujanja huo!), ila linafungua DXF, na Inkscape ambayo ni programu huria inakutengenezea DXF bila senti. Zaidi ya hayo, wapo watu walioandika nyongeza ya Inkscape inayozungumza na Cameo moja kwa moja, hata kwenye Linux. Hapo mimi nalala usingizi.

Brother ScanNCut ni ghali zaidi, lakini kwa mama asiyetaka kompyuta ndani ya nyumba ndiyo ningeichagua. Ina skana ndani yake. Unachora ua kwa kalamu kwenye karatasi, unaliingiza, linasomwa, linakatwa. Unaweza hata kuiambia iongeze robo inchi ya mshono.

Zile mashine za bei nafuu za kukatia stika, zinazojua HPGL, ni huru kabisa, ila kisu chake hukokotwa. Kitambaa kitupu kitakunjamana na kuchanika. Lazima upige pasi kitambaa cha gundi upande wa nyuma kwanza.

Tulikaa Jumapili kwa shangazi na chai. Niliwapa hesabu yangu ya mikeka 75. Mweka hazina akavua miwani, akarudia hesabu mwenyewe nyuma ya daftari la chama, akaguna. Mama mmoja hakukubali. Alisema wanunuzi wake wanataka majina ya watoto juu ya mablanketi, na majina si miraba. Ana haki.

Mwishowe wamenunua visu viwili vya gurudumu, rula na mkeka mkubwa wa kukatia. Akiba iliyobaki, ambayo ni karibu yote, imerudi benki mpaka wahesabu oda za majina kwa miezi mitatu. Muuzaji amempigia shangazi simu mara nne. Ya mwisho alimwambia bei imeshuka. Shangazi akamwuliza kama inafanya kazi bila akaunti, naye akasema atauliza.