Tufani na Mikarafuu Mikongwe



Wako wasemao tufani ni ya wenzetu wa kusini. Kweli, Msimbati na visiwa vya mlango wa Ruvuma ni mchanga na matumbawe, chini mno. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokaribia, watu wa Mtwara waliambiwa wahamie nyanda za juu. Kikapiga Msumbiji, kaskazini ya mji ambao nao, ajabu, waitwa Pemba.

Mtu huhama, mkarafuu hauhami. Mwaka 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba kwa sehemu kubwa ikasalimika. Je, tuitegemee bahati ile? Mashamba mengi yetu ni miti mizee mitupu, na mche huchukua miaka sita au zaidi kuzaa. Naomba kila mwanachama azibe mapengo yake masika yajayo.