Kamera itaona. Nani atakuja?

Wandugu, wadada, vijana wa Lubumbashi,

Kila mara usiku mubaya unapita katika muji wetu, kesho yake tunasikia dawa ileile: tuweke kamera. Kamera kwenyi barabara kubwa, kamera kwenyi masoko, kamera zitakazoangalia mchana na usiku bila kulala. Wengi kati yetu wanapiga makofi. Tunawaelewa. Mutu aliyevunjiwa mulango saa nane ya usiku, akapigwa mbele ya watoto wake, hawezi kukataa kitu chochote kinachoitwa usalama.

Sisi pia hatukatai kamera. Lakini tuko na ulizo moja, na tutaliuliza mpaka lijibiwe: kamera ikisha kuona, nani atakuja?

Tufwate njia yote, hatua kwa hatua. Tuseme ni saa nane ya usiku, kule Katuba, Kenya ao Ruashi. Wezi sita wanaingia kwenyi avenyi.

Kwanza, kamera iwe na umeme. Huku kwetu umeme unakatikaka bila mutu kutuambia sababu. Basi kamera iwe na sahani yake ya jua na betri. Hiyo inawezekana, juu kamera moja inakula umeme kidogo kuliko balbu ya zamani.

Pili, iwe na mwangaza. Kamera nyingi za usiku zinaona kwa metre 20 ao 30 tu, na picha inatoka nyeusi na nyeupe. Kwenyi giza nzito utapata kivuli cha mutu mwenye kofia. Sura yake hautaipata.

Tatu, picha ifike fasi fulani. Kamera moja ya kawaida, ikirekodi mchana na usiku, inaweza kujaza giga 20 kwa siku. Kamera 100 ni giga 2,000 kila siku. Nani atalipa intaneti ile? Nani atanunua mashine za kuhifadhi picha zile, na kuzitengeneza zikiharibika?

Ine, kuwe mutu mwenye macho wazi mbele ya skrini saa ile.

Tano, mutu yule awe na namba ya kupigia, na kule upande wa pili waitike.

Sita, wanaopigiwa wawe na gari, gari iwe na mafuta, na barabara ipitike hata wakati wa mvua.

Saba, wezi wakishikwa, wafike mbele ya juji, na wasirudi kwenyi kartie kesho yake juu ya bahasha.

Ni mambo saba. Kamera yenyewe haimo hata mara moja kati ya hayo saba. Na wote tunajua fasi njia inakatikaka: kwa namba tano na namba sita. Mutu anapiga simu, hakuna anayeitika. Akiitikiwa, anaambiwa gari haina mafuta, ao alete yeye mwenyewe pesa ya usafiri. Polisi naye ni mutoto wa mutu, mushahara wake unachelewa, anakaa mbali na kazi yake, na mara ingine yeye njo anaogopa kutoka inje. Ukimwekea polisi wa namna hiyo skrini 50 mbele yake, umemupa sinema. Atatuangalia tukiuawa, kwa picha nzuri.

Njo maana leo katika makartie mingi wamama wanapigaka masufuria na vijana wanapigaka firimbi wezi wakiingia. Wakubwa wanacheka, wanasema ni mambo ya zamani. Lakini sufuria iko na kitu ambacho kamera haina: ikilia, majirani wanatoka. Usalama unaanza pale mutu anapoitika.

Mutu asituambie shida ni teknolojia. Mwaka 2013, Kinshasa iliwekewa maroboti ya kuongoza magari kwenyi njia panda. Yalitengenezwa chini ya uongozi wa injinia Mukongomani, mama Thérèse Izay Kirongozi. Yalitumia jua, na yalikuwa na kamera. Wakongomani wanajua kutengeneza vitu vile. Hatukosi akili.

Na mutu asituambie umeme haupatikani katika Katanga. Laini kubwa inayotoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometre 1,700, ilijengwa wakati wa Mobutu juu ya migodi ya shaba. Tangu miaka ya 1980 inapita juu ya vijiji ambavyo havijapata hata balbu moja. Katika inchi nzima, karibu mutu 1 tu kwa 5 njo anapata umeme. Ukisafiri usiku kutoka hapa kwenda Likasi na Kolwezi, utaona wapi kuko mwangaza: kuko ukuta, kuko taa, kuko kamera, kuko walinzi wa mchana na wa usiku. Ikisha unarudi kwenyi giza, na giza ile njo kwetu. Mawe yanalindwa usiku muzima. Mama anayetoka soko na beseni kwa kichwa anajilinda mwenyewe.

Kwa hiyo mutu akituambia kamera zinakuja, tunamuuliza: na taa je? Taa ya barabarani haihitaji mutu wa kuangalia skrini. Inasaidia mama, inasaidia mwanafunzi, inasaidia jirani kutambua sura ya mutu anayekuja. Mbele ya kutafuta macho ya mashine, mutupe mwangaza juu ya macho yetu wenyewe tuliyo nayo.

Sasa kuko ulizo la pili, na lenyewe ni zito kuliko la kwanza: kamera itaangalia nani?

Angalieni jirani yetu Uganda. Mwezi wa 3, 2017, mukubwa wa polisi Andrew Felix Kaweesi aliuawa kwa risasi katika Kampala. Rais Museveni aliagiza kamera ziwekwe. Mwaka 2019 polisi ya kule ilisema mradi ule, pamoja na kampuni ya Huawei ya China, ni wa dola milioni 126. Raia waliambiwa ni juu ya wauaji. Mwezi wa 11, 2020, watu waliingia barabarani juu Bobi Wine amekamatwa, na zaidi ya watu 50 walikufa katika siku zile. Kisha polisi yenyewe ilisema kamera zilisaidia kutafuta waandamanaji. Zilinunuliwa kwa jina la muuaji, zikatumika juu ya kijana mwenye bango.

Na kwetu? Tarehe 15 mwezi wa 11, 2013, Kinshasa ilianzisha operesheni Likofi juu ya kumaliza kuluna. Raia waliokuwa wamechoka na mapanga walifurahi. Mwaka uliofwata, Human Rights Watch ilitoa ripoti: vijana na watoto wasiopunguka 51 waliuawa na polisi, na wengine 33 walipotea. Wengine kati yao hawakuwa kuluna. Walionyeshwa kidole tu.

Leo jambo limezidi kuwa kali. Kwa zaidi ya miaka 20 hukumu ya kifo haikutekelezwa katika inchi yetu. Tarehe 13 mwezi wa 3, 2024, waraka wa Wizara ya Sheria uliondoa kizuizi kile, na kati ya makosa yaliyotajwa kuko ujambazi wa mujini unaoleta kifo cha mutu. Sasa fikirini: picha ya usiku, nyeusi na nyeupe, kivuli cha kijana mwenye kofia, na juu yake hukumu ya kifo. Nani atahakikisha kwamba kivuli kile ni yule waliyemukamata?

Musifikiri mashine haikosei. Mwaka 2018, watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kusoma sura ya mutu. Kwa wanaume weupe, makosa hayakufika 1 kwa 100. Kwa wanawake weusi yalifika karibu 35 kwa 100. Na walikuwa wanauliza kitu rahisi tu: huyu ni mwanaume ao mwanamuke?

Nani anakuwaka inje usiku katika muji huu? Ni sisi. Wa pikipiki wanaotafuta mukate. Wenye kuuza mayai na unite kwenyi kona. Wenye diplome ndani ya kabati na bila kazi, wanaokaa mbele ya lupango juu nyumbani kuko joto na hakuna umeme. Kijana asiye na kazi, mbele ya mutu asiyemujua, tayari iko mushukiwa. Kamera bila sheria itafanya ushuku ule uwe na ushahidi.

Watatuambia: asiye na kosa asiogope. Tunajibu: katika inchi hii tumeshaona watu wasio na kosa wakilala kasho miezi mingi. Anayesema vile hajawahi kukaa kwenyi benchi akimungojea ndugu yake.

Watatuambia tena: kitu kidogo ni bora kuliko bure. Tunajibu: pesa ya kamera ni pesa ya raia. Ikitumika kwa kamera 100 zitakazozimika kisha miezi sita, ni taa ambazo hazikuwekwa, ni mafuta ambayo hayakununuliwa. Na mukubwa atakuwa amekwisha kukata utepe, amekwisha kupigwa picha.

Hatuombi zawadi. Sheria iko wazi. Katiba, kifungu cha 52, inasema Wakongomani wote wako na haki ya amani na usalama. Kifungu cha 31 kinalinda maisha ya siri ya kila mutu. Kifungu cha 183 kinasema polisi ni ya taifa, haiingilii siasa, na hakuna mutu anaweza kuitumia kwa faida yake mwenyewe. Na kuko sheria ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, juu ya mambo ya dijitali, inayolinda habari za mutu binafsi. Sura yako ni habari yako. Haki ya usalama na haki ya kutofwatwa ziko ndani ya katiba moja, na hatutachagua moja kuacha ingine.

Kwa hiyo, mbele kamera moja haijafungwa juu ya nguzo moja, tunadai haya:

1. Mkataba utolewe hazarani: bei gani, kampuni gani, nani atatengeneza vitu vikiharibika, na kwa miaka mingapi.

2. Taa za barabarani zitangulie, zikianzia Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba na Annexe, mbele ya katikati ya muji.

3. Namba moja ya simu ya bure, inayoitikiwa usiku na mchana, na kila komini iwe na gari lenye mafuta. Kila mwezi watutangazie: simu ngapi ziliingia, mara ngapi walifika, kisha dakika ngapi.

4. Kila fasi kuko kamera, kuwe kibao kinachosema iko na ni ya nani. Kamera ya siri kwenyi barabara ya raia hatuitaki.

5. Picha zifutwe kisha siku 30, isipokuwa zile zinazoombwa na juji. Mutu aliyeibiwa ao kupigwa awe na haki ya kuomba picha bila kulipa hata franka moja.

6. Hakuna programu ya kusoma sura. Hakuna kutafuta waandamanaji, waandishi wa habari ao wapinzani kupitia picha zile. Atakayefanya hivyo ashitakiwe.

7. Kamati ya kuangalia wale wanaoangalia: wanasheria, wakubwa wa makartie, wanawake na vijana, wenye ruhusa ya kuingia katika chumba cha skrini siku yoyote.

Na sisi wenyewe, wandugu, tusingojee tu. Wiki hii, kila mutu ahesabu nguzo za taa kwenyi avenyi yake: ngapi zinawaka, ngapi zimekufa, ngapi hazijawahi kuwekwa. Muandike, mulete kwenyi mikutano yetu ya kartie. Tutapeleka karatasi zile kwa meya na kwa wabourgmestre, kwa mukono, na tutaomba zipigwe muhuri wa kupokelewa.

Kuko jambo lingine, na tunalisema bila kuzungukazunguka. Musitupe picha ya mutu kwenyi WhatsApp na kuandika juu yake «mwizi huyu». Tumeona matairi na petroli vinafwata picha za namna ile. Hatuwezi kudai polisi iheshimu sheria wakati sisi tunamuchoma mutu kwenyi njia panda juu ya sura iliyofanana na ingine.

Wakubwa wa muji, mutuwekee kamera mukitaka. Lakini mutuonyeshe kwanza mutu atakayeitika. Siku mama wa Katuba atapiga simu saa nane ya usiku na gari ikafika, siku ile tutakuja sisi wenyewe kushika ngazi wakati munafunga kamera. Mpaka siku ile, tutaendelea kuuliza.

Usalama ni haki yetu. Mwangaza ni haki yetu. Sura zetu ni zetu.