Maporomoko Yanayonuka Tusiyakimbie



Jumamosi iliyopita tuliwasindikiza vijana wa parokia kwenda kuyatazama maporomoko ya maji yaliyomo ndani ya msitu wa Karura, kaskazini mwa jiji la Nairobi. Msitu wenyewe unajulikana. Umepakana na mitaa ya Muthaiga, Runda na Gigiri. Lakini kati ya vijana wetu wote, ni wawili tu waliopata kusikia kwamba humo ndani, mwendo mfupi kutoka kwenye barabara zenye msongamano wa magari, mto unaanguka kutoka kwenye mwamba wenye urefu wa mita kama kumi na tano. Walipouona walinyamaza kwa mshangao. Kisha upepo ukageuka, nasi sote tukaziba pua.

Chini ya mwamba palielea povu jeupe. Binti mmoja akatuuliza, "Padre, mbona mto huu una povu kama beseni la kufulia?" Hatukuwa na jibu la haraka.

Siku ya pili yake, baada ya Misa, mzee mmoja tunayemheshimu alitukemea kwa upole. "Padre, watoto hawapelekwi penye uvundo. Ungewapeleka Nyahururu, wakaone maporomoko ya kweli." Tunamheshimu mzee wetu, lakini katika hili hatukubaliani naye hata kidogo, na tunataka kusema kwa nini.

Kwanza, maporomoko ya Nyahururu, yenye mita zaidi ya sabini, ni fahari ya nchi yetu. Lakini mtu anayesafiri kilomita karibu mia mbili kwenda kustaajabia maji ya wengine, huku akiyapa kisogo yale yanayopita nyuma ya nyumba yake, hajajifunza kuipenda nchi. Amejifunza kutalii tu. Tena, kuukimbia uvundo hakuuondoi. Mto wa Karura ni mmoja wa mito inayolisha mto Nairobi; mto Nairobi huingia Athi, na Athi, ambao huko chini huitwa Galana na kisha Sabaki, humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Tunachokikimbia sisi, wenzetu wa huko chini hukichota kwa ndoo.

Pili, wako wanaojifariji kwamba mto hujisafisha wenyewe. Maneno haya yana ukweli nusu, na ukweli nusu ni hatari kuliko uongo mtupu. Ni kweli kwamba maji yanapoanguka huchanganyika na hewa, na hewa hiyo huwasaidia vijidudu kuuozesha uchafu. Lakini uchafu ukizidi, vijidudu hao huimaliza hewa iliyomo majini, na samaki hufa. Sabuni nayo, ikipigwa na maporomoko, hufanya povu lile alilotuuliza yule binti. Maporomoko hayakuutengeneza uchafu huo, yameufichua tu.

Tatu, tunaambiwa kwamba Karura imekwisha kuokolewa. Naam, miti iliokolewa, tena kwa damu. Mnamo tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai alijeruhiwa kichwani na walinzi wa kukodiwa alipokwenda kupanda miti katika ardhi ya msitu iliyokuwa imegawiwa watu binafsi. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Leo msitu una uzio, una malango na una walinzi. Lakini uzio humzuia mwizi wa ardhi. Haumzuii mwizi wa maji. Mto huingia msituni ukiwa umekwisha kubeba yale tuliyoyamwaga juu yake.

Basi ni nani anayeyamwaga? Ni rahisi kuwataja matajiri, au serikali, au viwanda. Kila mmoja ana sehemu yake ya lawama. Lakini yuko pia mwenye nyumba anayesubiri mvua kubwa ili afungulie majitaka usiku, kwa kuwa lori la kunyonya lina gharama. Yuko mpangaji anayejua na kunyamaza. Na wote wawili huketi katika mabenchi yetu ya mbele.

Nasi je? Tuliporudi tulimwuliza fundi wetu maji ya jikoni la ukumbi wa parokia huenda wapi. Alisita, kisha akatuonyesha kwa kidole mtaro wa maji ya mvua. Miaka yote hii tumekula katika ukumbi ule, tukaosha sufuria, tukahubiri juu ya utunzaji wa viumbe. Tuliona aibu. Bomba lile tumeagiza lizibwe juma hili, na mpaka shimo jipya likamilike, hakuna karamu itakayopikwa pale, hata iwe ya nani.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi. Haki hiyo haitashuka kutoka ofisini ikiwa majumbani mwetu tunaivunja kila tunapoosha vyombo.

Kwa hiyo, mzee wetu mpendwa, vijana tutawarudisha Karura, na tunakuomba uandamane nasi. Kabla ya siku hiyo, kila msomaji na azunguke nyuma ya nyumba yake, alifuate bomba lake mpaka mwisho, aone linakoishia.

Tukutane juma lijalo.