Fundi wa Makopo Naye Anastahili Ujira Wake



Kwa miaka mingi sasa akina mama na vijana wetu wamekuwa wakiitwa kwenye semina za ujasiriamali. Huko hufundishwa kukata chupa za plastiki kuwa maua, kushona viroba vya sukari na unga kuwa mikoba, kukunja karatasi za magazeti kuwa shanga, na kufuma matambara kuwa mazulia. Semina inapofungwa husemwa neno lile lile: takataka ni mali. Makofi hupigwa, picha hupigwa, na wageni hurudi walikotoka. Sisi hatuipingi kazi hiyo ya mikono hata kidogo. Tunachokipinga ni namna neno hilo linavyotumiwa kuwatuliza wanyonge. Maana ikiwa takataka ni mali, yatupasa kuuliza: ni mali ya nani, na ni nani anayetajirika nayo?

UFUNDI HUU NI WETU

Kwanza tukumbushane kwamba hakuna mgeni aliyetuletea maarifa haya. Fundi bati aliligeuza kopo la mafuta ya kupikia kuwa koroboi, na familia nzima ikapata mwanga wa kusomea. Mwingine alilikata tairi kuukuu la lori akatengeneza katambuga zilizomvusha mkulima masika na kiangazi. Watoto walisuka magari ya waya wakayawekea magurudumu ya ndala zilizochakaa, nao mpira wa matambara ulitosha kwa mechi ya jioni nzima. Watu hao walikuwa mafundi. Walijua ugumu wa bati, mkunjo wa waya na nguvu ya uzi.

Mahali pengine ufundi huo umepewa heshima yake. Huko Arusha, karakana ya Shanga ilianza mwaka 2007, ikawaajiri watu wenye ulemavu kuyeyusha chupa kuukuu na kuzifanya vyombo na mapambo. Huko Lamu, mafundi wa majahazi waliunda chombo kizima kwa plastiki iliyookotwa, wakakipamba kwa ndala zilizotupwa, wakakiita Flipflopi. Kiliingia majini mwaka 2018, na mwaka 2019 kikasafiri kwa tanga hadi Zanzibar. Mwaka 2021 ujumbe wake ulifika hata katika Ziwa letu la Victoria, katika nchi zote tatu zinazolizunguka. Hapo hapakuwa na huruma wala sadaka. Palikuwa na ufundi uliotambuliwa kuwa ufundi.

HESABU ISIYOSEMWA

Hebu sasa tufanye hesabu ambayo semina haiifanyi. Tuseme mama mmoja anatumia siku mbili kushona mkoba wa viroba. Anauza kwa shilingi 5,000. Uzi, sindano na zipu vimemgharimu shilingi 1,500. Nauli ya kwenda mjini na kurudi, shilingi 1,000. Anabakiwa na shilingi 2,500, yaani shilingi 1,250 kwa kila siku ya kuinama. Je, yupo kati yetu anayekubali kulima shamba la jirani kutwa nzima kwa fedha hiyo? Na bado mnunuzi humwambia, “Mama, punguza, si ni takataka tu?”

Hapo ndipo dhuluma inapojificha. Kwa kuwa malighafi imeokotwa, watu huona kwamba na mikono nayo imeokotwa. Wanawake waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda wakaishi Kampala, katika mtaa wa Acholi Quarters, walijulikana kwa kazi mbili: kuponda kokoto na kukunja shanga za karatasi. Shanga hizo zilifika hadi Ulaya na Marekani. Karatasi ilikuwa ya bure, lakini macho, vidole na muda wa mama havikuwa vya bure.

Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII aliandika waraka wake Rerum Novarum, akafundisha kwamba ujira wa haki haupimwi kwa mapatano tu kati ya mwenye nguvu na mwenye njaa. Mwaka 1981 Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens, alifundisha kwamba kazi hupata hadhi yake kutoka kwa mtu anayeifanya. Basi mkoba wa viroba una hadhi ile ile ya kiti cha mninga, kwa sababu aliyeutengeneza ni mtu.

MAPANKI MENGINE

Sisi watu wa Mwanza tunalijua vizuri somo la masalio. Katika miaka ya 1990 viwanda vya sangara vilipostawi kandokando ya Ziwa, minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakauzwa kwa maskini wa mji. Tuliambiwa kwamba hata hayo ni neema. Nabii Amosi alikwisha kuwakemea zamani wafanyabiashara waliowauzia maskini makapi ya ngano. Leo tunaogopa kuona mapanki mengine: mwenye kiwanda anachukua faida ya kinywaji, mnywaji anachukua kinywaji, na maskini anaachiwa chupa tupu pamoja na hotuba ya kumsifu kwa ubunifu wake.

Magari ya taka ya jiji hupita Mkolani yakielekea dampo la Buhongwa, jirani zetu. Huko wapo watu wanaochambua chupa na vyuma kwa mikono mitupu ili wauze kwa kilo. Na kile ambacho gari halikukizoa, mvua hukizoa. Hukitoa milimani kwenye mawe, ikakipitisha katika mifereji na mto Mirongo, ikakitupa Ziwani. Wataalamu walionunua samaki hapa Mwanza, sangara 20 na sato 20, walitangaza mwaka 2016 kwamba walithibitisha vipande vya plastiki katika matumbo ya samaki mmoja kati ya kila watano, kwa sangara na kwa sato vilevile. Hakuna idadi ya maua ya chupa itakayoliokoa Ziwa hilo. Mama anaweza kukata chupa kumi kwa siku. Mtambo wa kiwanda haupumziki.

CHUPA ILIYOJUA NJIA YA KURUDI

Tusidanganywe kwamba hakuna njia nyingine. Wakubwa kwa wadogo tunaikumbuka chupa ya soda ya kioo. Mtoto akitumwa dukani, swali la kwanza la mwenye duka lilikuwa, “Umekuja na chupa?” Asiyekuwa nayo aliacha fedha ya dhamana. Chupa ilirudi kwenye kreti, kreti likarudi kiwandani, chupa ikaoshwa na kujazwa tena. Chupa iliyotupwa njiani haikulala. Mtoto aliiokota akairudisha. Mpango huo haukuhitaji semina. Ulihitaji jambo moja tu: kwamba aliyeitengeneza chupa awajibike kuipokea.

Ndiyo maana tunasema waziwazi: anayezalisha taka alipie taka zake. Kenya ilitunga sheria mwaka 2022 inayombebesha mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kutumika. Nasi tunajua kwamba sheria ikisimamiwa huzaa matunda. Juni 1, 2019, Serikali yetu ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, wengi walisema haiwezekani. Iliwezekana, na vikapu vikarudi sokoni. Kilichowezekana kwa mfuko kitashindikanaje kwa chupa?

YATUPASAYO KUTENDA

Lakini tusimnyoshee kidole mwenye kiwanda peke yake. Katika sherehe zetu za Komunyo ya Kwanza, Kipaimara na jubilei, viwanja vya kanisa hubaki vimetapakaa chupa za maji. Zawadi tunazowapa watoto wetu ni vitu vya plastiki vilivyovuka bahari, vinavyovunjika kabla ya Dominika inayofuata, ilhali mafundi wa Jumuiya zetu wanakaa na kazi zao bila mnunuzi. Injili inatuambia kwamba baada ya makutano kula mikate na kushiba, Yesu aliwaagiza wanafunzi wakusanye masalio ili kisipotee kitu. Tuangalie vizuri: waliokusanya ni wale wale waliogawa. Hawakuwaachia wenye njaa kazi hiyo. Na wenye njaa walikuwa wamekwisha kula kwanza.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Moja, sherehe za kanisa zitumie mapipa ya maji na vikombe vinavyooshwa. Mbili, kila nyumba itenge chupa, karatasi na vitambaa vikiwa safi, ili anayevichukua asivichimbue ndani ya uchafu. Tatu, kazi za mikono zikiuzwa kanisani, bei ipangwe na fundi mwenyewe kwa kuhesabu siku zake, wala pasiwe na kupatana kwa kigezo kwamba ni taka. Nne, viongozi wetu wa walei wapeleke kwa madiwani na mbunge dai la kwamba viwanda vipokee chupa zao kwa fedha, na wachambuaji wa dampo wapewe glovu, viatu na bei ya haki.

Mwaka 2015 Papa Fransisko, katika Laudato Si’, alionya kwamba mazoea ya kutupa vitu huishia kwenye kuwatupa watu. Tukimnunulia mama mkoba wake kwa bei ya kutupa, tumekwisha kumhesabu pamoja na kile kiroba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu, ni nani anayetengeneza vitu kwa masalio ya nyumbani? Tumewahi kumwuliza anatumia siku ngapi?

2. Taka za sherehe yetu ya mwisho ziliishia wapi, na ni nani aliyezibeba?

3. Ni nani kati yetu atakayelipeleka dai la chupa kwa diwani, na lini?